Mshipa Gani?

“Huo ni mshipa,” kijana wa duka la dawa aliniambia hata sijamaliza kueleza.

“Mshipa gani?”

“Mshipa tu, mzee. Umechoka. Nikupige sindano tatu: leo, kesho na keshokutwa.”

Nilikuwa nampa habari za mkono wangu wa kulia. Kwa miezi minne ulikuwa unaniamsha usiku, mara nyingi saa nane au saa tisa, vidole vimekufa ganzi, na ganzi ikianza kutoka vinakuja vichomi kana kwamba nimeshika upupu. Nilikuwa naketi kitandani nikiukung’uta kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Dakika mbili tatu, mkono unarudi. Mke wangu alishazoea, hata macho hafungui. Lakini nilipoanza kuangusha vikombe, na asubuhi moja kifungo cha shati kikanishinda mbele ya mwanangu, nikaona mambo yamezidi.

Kijana akavuta droo, akatoa kichupa cha dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Jiji zima linazijua sindano hizo. Wekundu wake haukutiwa na mtu, ni rangi ya vitamini B12 yenyewe, nami nadhani nusu ya sifa zake zinatokana na rangi hiyo: inafanana na damu, basi lazima itie nguvu. Nikapigwa zote tatu. Usiku wa nne, saa nane, nikaamka kukung’uta mkono.

Simlaumu sana yule kijana, maana lugha yetu ndiyo iliyompa jibu. Mshipa kwetu ni njia ya damu. Ni uzi wa fahamu pia, na ni kano inayovuta kidole. Mwanaume aliyevimba korodani naye “ana mshipa”, na asiyejua kuona haya tunasema mshipa wa aibu umemkatika. Vitabu vya shule vinasema mishipa ya fahamu, wataalamu wanasema neva, lakini kwenye benchi la zahanati neno ni lile lile moja, na kila anayelisikia huchukua maana inayolingana na bidhaa yake. Mwenye sindano za vitamini husikia neva. Mkandaji husikia kano. Muuza mizizi husikia damu iliyoganda.

Nami nilipita kwa wote. Mzee mmoja wa Tandika alinikanda kwa mafuta ya nyonyo kuanzia begani hadi kwenye kucha, mkono ukawa laini kama wa mtoto, na ganzi ikabaki pale pale. Aliyenikatisha ziara hizo ni binti wa dada yangu, muuguzi. “Mjomba,” alisema, “mtu wa kwanza kukuuliza ni kidole kipi ndiye wa kumsikiliza.”

Mtu huyo alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Nilipomwambia vidole vyote vinakufa ganzi, akauliza, “Na hiki kidogo je?” Nikafikiri. Kidogo, hapana. Sikuwahi kukitazama peke yake. Akachukua pamba, akaisokota ncha, akaniambia nifumbe macho niseme “ndiyo” kila nikiguswa. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kama vimevaa glovu. Kile kidogo kilisikia kila kitu. Cha pete kikanishangaza: upande unaotazama kidole cha kati ulikuwa umefifia, upande unaotazama kidole kidogo ulikuwa mzima kabisa. Kidole kimoja, nchi mbili, na mpaka unapita katikati.

“Na ukiamka usiku unafanyaje?”

“Naukung’uta hivi.”

Akatabasamu, akaandika. Baadaye nilijua kwamba kule kukung’uta kwenyewe ni dalili inayofundishwa vyuoni.

Maelezo yake yalikuwa haya. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna kijia chembamba. Chini ni mifupa, juu ni mkanda mgumu usiotanuka. Humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, na pamoja nazo neva moja, ile ya kati. Fikiria abiria kumi ndani ya bajaji moja. Wakinenepa kidogo tu, anayeumia ni yule laini. Wanaonenepesha abiria ni wengi: ujauzito, kisukari, tezi ya shingo iliyolegea, baridi yabisi, kazi ya kukaza mkono kwa nguvu au kushika mashine inayotetemeka. Usiku tunalala tumekunja kifundo, kijia kinabana zaidi, neva inapiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshaihukumu kompyuta yangu. Daktari hakuikubali hukumu hiyo, alinipeleka kwanza kupima sukari, ambayo ilikuwa sawa.

Kisha akaniandikia kipimo cha umeme cha neva. Kwa nini, kama pamba na maswali vimeshasema yote? Kwa sababu shingo nayo ilikuwa inaniuma. Neva zinazofika kwenye gumba na kidole cha shahada zinatoka kwenye pingili za shingo, na zikibanwa kule juu ganzi inaweza kutua kwenye vidole vile vile. Pili, alikuwa na wasiwasi na nyama ya chini ya gumba, ule mto wa kiganja. Aliniwekea viganja viwili mbele ya dirisha, nikauona mwenyewe: wa kulia umeanza kubonyea. Kwenye fomu akaandika mistari mitatu, na mstari wa mwisho ulikuwa swali: shingo au kifundo, na madhara kiasi gani? Nawaomba wasomaji walishike jambo hilo. Nimeona fomu za watu wengine zimeandikwa “ganzi, apimwe” basi. Anayepima akipokea fomu ya namna hiyo ni kama fundi bomba aliyeitwa kwenye ghorofa la familia ishirini akaambiwa tu kwamba maji yanavuja.

Kwenye benchi nje ya chumba nilikaa jirani na mama mmoja aliyempakata mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu. Walikuwa wameondoka Kilwa usiku. Mtoto alikuwa na homa wiki iliyopita, akapigwa sindano ya tako, akalia kilio ambacho mama alisema si cha sindano. Tangu hapo mguu wa kushoto haunyanyuki unyayo. Alimsimamisha ili nione. Mtoto akatembea kuelekea ukutani, anainua goti juu kama anavuka dimbwi, na unyayo ukishuka unapiga sakafu: chap, chap. Ndala ya mguu ule ilikuwa imefungwa kwa ukanda uliochanwa kwenye kanga, maana peke yake haikai. Leo ni siku ya tano, mama alisema. Wakaitwa kabla yangu.

Walipotoka, nikaingia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umepaka mafuta?”

Nilikuwa nimepaka. Kikaratasi cha miadi kilikataza, nami nilikisoma, lakini mtu anayekwenda hospitali bila mafuta miguuni na mikononi atasemwa na watu. Yule dada wa kupima hakunilaumu, alikuwa na pamba ya spiriti tayari, akaniambia kila anayekuja anang’aa. Mafuta huzuia umeme kupita vizuri kwenye ngozi. Akanishika mkono, akasema ni wa baridi, akazima kiyoyozi na kunitumbukiza kiganja kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hilo nalo lina sababu. Neva ikipoa, mwendo wake hupungua kwa karibu mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na mtu mzima anaweza kuandikwa mgonjwa kwa kosa la kiyoyozi. Akaniuliza kama nina kifaa cha umeme cha moyo kifuani au natumia dawa za kuzuia damu isigande. Hapana na hapana.

Sehemu ya kwanza ni ya shoti, na sina neno lingine. Alibandika elektrodi kwenye ule mto wa gumba, kisha akaweka kifaa chenye meno mawili juu ya kifundo na kubonyeza. Ni kama kugusa friji lenye hitilafu: mkono unaruka, moyo unashtuka, halafu unacheka. Gumba lilijikunja lenyewe bila idhini yangu, na kwenye skrini ukachomoza mlima. Akapima kutoka kwenye kifaa hadi kwenye elektrodi kwa futikamba, ile ile ya fundi cherehani. Sentimita 7. Kisha akahamia kwenye kiwiko, shoti nyingine, mlima mwingine.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Ishara iliyoanzia kifundoni ilifika kwenye gumba baada ya milisekunde 5.9, yaani chini ya sehemu sita za sekunde iliyokatwa mara elfu. Iliyoanzia kiwikoni ilitumia 9.9. Toa moja kwa nyingine, baki 4. Kati ya kiwiko na kifundo changu kuna sentimita 22. Sentimita 22 kwa milisekunde 4 ni mita 55 kwa sekunde, karibu kilomita 200 kwa saa. Mkononi mtu mzima anatakiwa apate 50 na zaidi, miguuni 40 na zaidi. Kwa hiyo kwenye kigasha nilikuwa mzima kuliko basi lolote la barabara ya Morogoro. Shida ilikuwa zile sentimita 7 za mwisho, ambazo hazikutakiwa kuzidi milisekunde 4 na pointi kidogo. Basi limekuja kasi kutoka Morogoro mpaka Kibaha, halafu likakutana na foleni ya Kimara.

Akarudia yote kwenye neva ya kidole kidogo. Huko hakukuwa na foleni popote, na jibu hilo lina uzito sawa na lile la kwanza. Kama mwili mzima ungekuwa na ugonjwa wa neva, wa sukari kwa mfano, zote mbili zingelegea.

Ujanja huu wa kupima sehemu mbili na kutoa una umri mrefu. Johannes Müller, bingwa wa elimu ya mwili huko Ujerumani, aliona kwamba huenda binadamu asipate kamwe njia ya kupima mwendo wa fahamu. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, aliupima mwaka 1850 akiwa Königsberg, kwa neva na msuli wa chura. Alishtua neva karibu na msuli, akashtua tena mbali na msuli, akatoa muda mmoja kwa mwingine, akapata karibu mita 30 kwa sekunde. Miaka mia moja na sita baadaye, mwaka 1956, daktari wa Uskoti aitwaye Simpson akaonyesha kwamba watu wenye ganzi kama yangu wanachelewa pale pale kifundoni. Dada yule na futikamba yake walikuwa wanarudia kazi ya watu hao wawili, akiwa ameacha chai yake inapoa juu ya mashine.

Mashine inasoma vitu viwili, na ukivielewa utaielewa ripoti yoyote utakayopewa. Kimoja ni mwendo. Uzi wa neva umevikwa ganda, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki, na ganda likichubuka ishara huchelewa. Kingine ni kimo cha ule mlima. Neva ni kifungu cha maelfu ya nyuzi, na nyuzi zikifa mlima unakuwa kichuguu hata kama mwendo ni mzuri. Tofauti hii ina maana kwa mgonjwa. Ganda huota upya kwa wiki au miezi michache ukiondoa kinachobana. Uzi uliokufa huota kutoka ulipokatikia kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku, na hauharakishwi na sindano nyekundu wala ya rangi nyingine. Afadhali niongeze hapa kwamba vitamini B6, inayochanganywa mara nyingi na ile nyekundu, ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Kuna watu wanatibu ganzi kwa kitu kinachoileta.

Halafu ikaja sindano ya kipimo. Hii ndiyo watu wanaiogopa, na benchini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba wanapitisha umeme ndani ya nyama. Si kweli. Sindano hiyo ni nyembamba kuliko ya kuchomea dawa na haipeleki kitu chochote, inasikiliza tu. Mfano wake wa kwanza waliutengeneza Adrian na Bronk mwaka 1929, na wakaiunganisha na spika wakagundua kwamba sikio linatambua mambo ambayo jicho linayapita.

Dada akafungua spika. Akaanza na msuli wa kigasha unaolishwa na neva za shingoni. Nikausikia mchomo, kisha kimya. “Msuli mzima ukipumzika haunong’oni hata kidogo,” alisema. Akaniambia nikaze polepole, zikaja ngurumo za mbali, moja moja, kisha nyingi pamoja kama pikipiki kijiweni. Vizuri. Shingo ikaachiwa huru namna hiyo, msuli baada ya msuli.

Akahamia kwenye mto wa gumba. Hapo paliniuma, sitadanganya. “Legeza, mzee. Legeza kabisa.” Nikalegeza. Spika haikunyamaza. Ta, ta, ta, ta, vitone vyepesi, vikavu, vinavyofuatana sawasawa.

“Unasikia?”

Nilisikia, na niliijua sauti ile. Nimekulia chini ya bati. Ni mvua inayoanza, ile ya rasharasha, kabla haijaamua kunyesha. Yule dada akasema vitabuni wameiandika hivyo hivyo, mvua juu ya bati, na wanafunzi waliokulia kwenye nyumba za zege huwa anawaelekeza kwa simu yake. Ni sauti ya nyuzi za msuli zilizofiwa na neva yake. Hakuna anayezituma tena, basi kila moja inajitikisa peke yake. Kwa jicho huwezi kuona chochote. Nilikitazama kiganja changu kimelala juu ya taulo, kimetulia kabisa, na ndani yake kunanyesha.

Ripoti ilitoka na mistari miwili ya maana: neva ya kati imebanwa kifundoni mkono wa kulia, na nyuzi kadhaa zimeshakufa. Kifaa cha kuvaa usiku ili kifundo kisijikunje, ambacho kingenitosha miezi minne nyuma, sasa hakitoshi. Ni kukatwa ule mkanda mgumu wa kifundo, operesheni fupi ya ganzi ya mkono tu. Neno ganzi likanichekesha. Fedha niliyolipa sitaitaja, maana kila hospitali ina bei yake, lakini nilipojumlisha sindano tatu, mafuta ya nyonyo na nauli za Tandika niliona aibu.

Hata hivyo sitaki mtu aliyesoma hadi hapa aende kesho kuomba “kile kipimo cha umeme”. Sehemu kubwa ya ganzi ya nchi hii haihitaji mashine ile, na nyingine mashine ile haiioni.

Chukua sukari. Ganzi yake huanzia vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu kama soksi. Mgonjwa wa aina hiyo hugundulika kwa uzi mgumu wa plastiki unaobonyeza ngozi kwa nguvu ya gramu 10 na kwa uma wa sauti unaotetemeshwa kwenye mfupa wa dole gumba, vitu vinavyoenea mfukoni. Wakati mwingine hata hivyo havihitajiki. Mzee mmoja jirani yangu alifika nyumbani kutoka msikitini na ndala moja. Nyingine ilimvuka njiani na hakujua mpaka mjukuu wake alipoona mguu una vumbi. Mguu usiojua kwamba hauna ndala hautajua pia umekanyaga msumari. Na kama mgonjwa wa sukari ametumia metformini kwa miaka mingi, dawa hiyo inaweza kumshushia vitamini B12, na hapo ndipo ile sindano nyekundu ina kazi yake halali, baada ya kupima damu.

Chukua ukoma. Wengi wanadhani umekwisha, na Tanzania bado imo kwenye orodha ya nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa. Kidudu chake, alichokitambua Armauer Hansen kule Bergen mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, ndiyo maana hushambulia neva zinazopita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, ubavuni mwa goti, shingoni chini ya sikio. Mhudumu mzoefu wa wilayani huipapasa neva nyuma ya kiwiko, akaikuta nene kama kamba ya katani, na hugusa baka la ngozi kwa ncha ya kalamu ya wino akiwa amemfumba mgonjwa macho. Kalamu ile ikipita bila kusikika, dawa ni za bure. Nimeona mtu mwenye baka kama hilo akiandikiwa kipimo cha umeme cha mjini kabla hajaguswa kwa kalamu, na hilo naliona ni uvivu wa vidole vya daktari.

Na chukua konzo. Mwaka 1985, Tarime, ukame uliwafanya watu wale mihogo michungu bila kuiloweka na kuianika vya kutosha, na ghafla watu, hasa watoto na akina mama, wakaamka miguu imekakamaa. Neno lenyewe limetoka Kongo, kwa Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ukiwapima watu hao neva za miguu kwa mashine niliyopimwa mimi, kwa kawaida utazikuta sawa. Sianidi ya muhogo imepiga juu zaidi, kwenye nyaya zinazoshuka kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo, na mashine hii inasoma kuanzia uti kwenda nje. Nyundo ndogo ya goti ndiyo inayowatambua, goti linaruka kupita kiasi. Kiharusi ni hivyo hivyo.

Wako pia wanaounguzwa nyayo kila usiku kama wamekanyaga makaa, wanapimwa, na wanarudishwa na karatasi iliyoandikwa “kawaida”. Kipimo hiki kinasikia nyuzi nene tu, za kuamrisha misuli na kuhisi mguso. Nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, zinapita chini ya masikio yake. Kumwambia mtu huyo “huna kitu” ni dhuluma, na nimewaona wakiambiwa.

Nilipotoka chumbani na ripoti yangu, mama wa Kilwa alikuwa bado pale benchini, anasubiri simu ya shemeji yake. Nilimuuliza wamemwambiaje.

“Wamesema nirudi baada ya wiki tatu. Sasa leo nimefuata nini, baba?”

Yule dada alikuwa amemweleza, na akatoka kumweleza tena mbele yangu. Neva ikijeruhiwa, sehemu iliyo chini ya jeraha haifi siku hiyo. Kwa siku kadhaa bado inapitisha shoti kama kawaida. “Kama mkia wa mjusi, mama. Umeshakatika na bado unacheza.” Na ile mvua ya kwenye bati haianzi kunyesha kabla ya wiki ya pili au ya tatu. Ukipima siku ya tano unaweza kuambiwa mtoto mzima. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini aliyemwandikia barua kule alikotoka alipaswa kulijua hilo, ampe tarehe kabla hajampa barua. Alipaswa pia kumwambia mambo ambayo hayasubiri kipimo: kifaa cha kushikilia unyayo usizoee kulala, na kuunyoosha mguu kila siku. Na mtoto mdogo, sindano ikiwa hapana budi, hupigwa pajani kwa upande wa nje, mbali na neva kubwa ya takoni. Homa nyingi huhitaji kidonge au dawa ya maji tu.

Nilimtazama yule mtoto nikapiga hesabu ambayo sikuisema. Kutoka takoni hadi kwenye misuli inayonyanyua unyayo wake ni kama sentimita 30. Milimita 1 kwa siku. Siku 300, kama nyuzi zimekufa. Kama ni ganda tu, huenda akaja wiki hiyo ya tatu anakimbia.

Mama aliomba kalamu. Nikampa yangu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa bado unauma. Akahesabu kwa vidole, akaandika tarehe juu ya kadi ya kliniki ya mtoto, akaipigia mstari mara mbili. Kisha akainama, akakaza upya ukanda wa kanga kwenye ndala, akambeba mgongoni na kuniuliza magari ya Mbagala yanapakilia wapi.